Hergé

Georges Prosper Remi, anayejulikana zaidi kwa jina la kisanaa Hergé (Etterbeek, Brussels, 22 Mei 1907 – Woluwe-Saint-Lambert, Brussels, 3 Machi 1983), alikuwa mchoraji na mwandishi wa katuni kutoka nchini Ubelgiji. Anakumbukwa hasa kwa visa vya Tintin, mwandishi wa habari kijana anayezunguka dunia pamoja na mbwa wake mweupe Milou. Visa hivyo vilianza kuchapishwa mwaka 1929. Hadi leo vimeuzwa zaidi ya nakala milioni 200 na kutafsiriwa katika lugha zaidi ya 70.

Ingawa Tintin alifika Kongo, Uchina, Tibet na hata mwezini, mchoraji wake aliishi karibu maisha yake yote mjini Brussels na katika maeneo ya jirani. Kwa miaka mingi, aliyoyajua kuhusu nchi za mbali aliyapata katika magazeti, vitabu, picha na majumba ya makumbusho ya huko kwao. Hali hiyo inasaidia kueleza mambo mawili: jinsi mitaa ya Brussels ilivyoingia katika katuni zake, na jinsi mawazo ya jamii yake kuhusu Waafrika na Wayahudi yalivyoingia pia. Kwa sababu hiyo Hergé ni mmoja wa wasanii wa Ubelgiji wanaopendwa zaidi na wakati huohuo wanaojadiliwa zaidi.

Utoto na masomo

Georges Remi alizaliwa katika mtaa wa Etterbeek, moja ya manispaa zinazounda jiji la Brussels. Baba yake, Alexis Remi, alikuwa mfanyakazi katika kampuni ya nguo za watoto. Mama yake aliitwa Elisabeth Dufour. Mwaka 1912 alizaliwa mdogo wake, Paul, ambaye baadaye alikuwa mwanajeshi.

Alexis alikuwa na ndugu pacha, Léon, aliyefanana naye sana. Wasomaji wengi wamewaona mapacha hao kuwa chanzo cha Dupond na Dupont, wapelelezi wawili wa katuni za Tintin wanaovaa kofia nyeusi na kutofautiana kwa umbo la masharubu tu.

Familia ilizungumza Kifaransa, lakini kupitia bibi yake mzaa mama Georges alizoea pia lahaja ya Brussels, ambayo ni Kiholanzi kilichochanganyika na Kifaransa. Lahaja hiyo ilisikika hasa katika Marolles, mtaa wa watu wa kipato cha chini katikati ya jiji. Miaka mingi baadaye aliitumia kutunga lugha za kubuni katika katuni zake.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia Brussels ilikaliwa na jeshi la Ujerumani. Georges alikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi, na tayari alikuwa akichora askari wa Kijerumani kwenye kurasa za madaftari yake. Mwaka 1920 alijiunga na Institut Saint-Boniface, shule ya Kikatoliki iliyoko Ixelles, ambako alisoma hadi mwaka 1925. Huko aliingia katika chama cha skauti, akasafiri na wenzake kupiga kambi katika nchi mbalimbali za Ulaya. Tabia za Tintin, yaani uaminifu, ujasiri na kuwasaidia wanyonge, zinafanana sana na maadili aliyofundishwa na maskauti.

Michoro yake ya kwanza ilichapishwa katika magazeti ya skauti. Mwishoni mwa mwaka 1924 alianza kutia saini kwa jina Hergé, linalotokana na herufi za kwanza za majina yake zikigeuzwa, R na G, zinavyotamkwa kwa Kifaransa. Mwaka 1926 alianza kuchora kisa cha Totor, kiongozi wa kikosi cha skauti, ambaye anahesabiwa kuwa mtangulizi wa Tintin.

Kuhusu sanaa, Hergé alijifundisha karibu kila kitu mwenyewe. Alipojaribu kusoma katika shule ya sanaa ya Saint-Luc alipewa kazi ya kuchora kichwa cha nguzo kilichotengenezwa kwa plasta. Alichoshwa na kazi hiyo, hakurudi tena.

Le Vingtième Siècle na kuzaliwa kwa Tintin

Baada ya kumaliza shule mwaka 1925, Hergé aliajiriwa na Le Vingtième Siècle, gazeti la kila siku la Kikatoliki na la kihafidhina mjini Brussels. Kwanza aliwekwa katika idara iliyoshughulikia watu waliolipia gazeti kwa mwaka mzima, kazi ambayo haikumpendeza. Baada ya utumishi wa jeshi mwaka 1926 hadi 1927 alirudi gazetini, safari hii akiwa mchoraji.

Mkurugenzi wa gazeti alikuwa padre Norbert Wallez, mtu mwenye nguvu aliyemhusudu Mussolini, mtawala wa kifashisti wa Italia. Wallez alitambua kipaji cha kijana huyo, akamtia moyo asome zaidi na kufanya kazi kwa bidii. Hata hivyo ndiye pia aliyeamua Tintin aende wapi na aone nini huko.

Mwaka 1928 Wallez alianzisha nyongeza ya kila wiki kwa ajili ya watoto, Le Petit Vingtième, na kumkabidhi Hergé. Tarehe 10 Januari 1929 Tintin na Milou walionekana humo kwa mara ya kwanza wakipanda treni kutoka Brussels kwenda Umoja wa Kisovyeti. Kisa hicho kililenga kuwaonyesha watoto ubaya wa ukomunisti. Hergé hakuwahi kufika Urusi. Alitegemea hasa kitabu kimoja kilichoandikwa na mwanadiplomasia wa Ubelgiji aliyekuwa amefanya kazi huko.

Tofauti na katuni nyingi za Ulaya za wakati ule, ambazo ziliweka maelezo chini ya picha, Hergé aliandika maneno ya wahusika ndani ya picha zenyewe, kama wachoraji wa Marekani walivyofanya. Wasomaji walipenda. Kisa kilipomalizika, tarehe 8 Mei 1930, gazeti liliandaa mapokezi katika stesheni ya treni ya kaskazini mjini Brussels. Kijana aliyevalishwa kama Tintin alishuka kwenye treni na kulakiwa na umati mkubwa.

Mwaka huohuo wa 1930 Hergé alianza kuchora pia Quick et Flupke, vichekesho vifupi kuhusu watoto wawili watundu wa mitaa ya Brussels wanaomsumbua askari polisi wa mtaani. Hapa hakuhitaji vitabu vya safari, kwa kuwa alikuwa anachora watoto wa mji wake mwenyewe.

Tarehe 20 Julai 1932 alimwoa Germaine Kieckens, aliyekuwa katibu wa Wallez.

Tintin nchini Kongo

Baada ya Urusi, Hergé alitaka kumpeleka Tintin Marekani. Wallez alikataa. Alitaka watoto wa Ubelgiji wapendezwe na Kongo, iliyokuwa koloni la nchi yao tangu mwaka 1908. Kisa cha Tintin au Congo kilichapishwa katika Le Petit Vingtième kuanzia Juni 1930 hadi Juni 1931.

Hergé hakuwa amefika Afrika. Alitumia maandishi ya wakoloni na wamisionari, pamoja na vitu vilivyoonyeshwa katika jumba la makumbusho la Kongo huko Tervuren, karibu na Brussels. Mfano unaojulikana ni sanamu ya mtu wa chui aliyevaa ngozi na makucha ya chuma akimnyemelea mtu aliyelala, kazi ya mchongaji Paul Wissaert. Umbo hilo lilihamishwa karibu kama lilivyo kutoka ukumbi wa makumbusho hadi kwenye katuni.

Katika kisa hicho Wakongo wamechorwa kwa midomo mikubwa na macho ya mshangao, wanazungumza Kifaransa kilichovunjika na wanaonekana kama watoto wanaohitaji kuongozwa na Mzungu. Mwishoni wanainama mbele ya sanamu ya Tintin na Milou. Tintin pia anaua wanyamapori ovyo, wakiwemo swala wengi kwa mara moja, na kumlipua kifaru kwa baruti. Hata majina ya makabila hayatoki katika lugha yoyote ya Kongo: ufalme wa Babaoro'm umepewa jina kwa kuchezea jina la keki ya Kifaransa yenye pombe. Katika toleo la kwanza Tintin anaingia darasani na kuwafundisha watoto wa Kiafrika kuhusu nchi yao, ambayo anawaambia ni Ubelgiji.

Kisa hakielezi kazi za kulazimishwa wala ukatili ambao watu wa Kongo walikuwa wametendewa tangu enzi ya mfalme Leopold II. Wasomaji wa Brussels hawakulalamika. Mwaka 1931 gazeti liliandaa tena mapokezi ya Tintin kwenye stesheni, na safari hii alisindikizwa na Waafrika.

Mwaka 1946, kisa kilipochorwa upya kwa rangi, Hergé aliondoa sehemu nyingi zilizoitaja Ubelgiji. Somo la darasani likawa hesabu ya kujumlisha. Mwaka 1975, kwa ajili ya toleo la nchi za Skandinavia, aliibadilisha pia picha ya kifaru. Lakini sura za Waafrika zilibaki kwa kiasi kikubwa kama zilivyokuwa. Katika mahojiano ya uzeeni alikiri kwamba alichora kisa hicho akiwa amejaa mawazo ya tabaka la watu aliokulia kati yao, ambao waliwaona Waafrika kama watoto wakubwa.

Zhang Chongren

Mabadiliko makubwa katika kazi ya Hergé yalianzia mjini Brussels mwaka 1934. Alikuwa ametangaza kwamba Tintin angeenda Uchina. Padre mmoja aliyewalea wanafunzi Wachina nchini Ubelgiji alimwomba asirudie picha za dharau ambazo Wazungu walizizoea kuhusu Uchina, kisha akamkutanisha na Zhang Chongren, kijana aliyekuwa akisomea uchongaji katika Chuo cha Kifalme cha Sanaa mjini Brussels.

Hergé na Zhang, waliokuwa na umri uleule, walikutana mara kwa mara. Zhang alimweleza historia, fasihi na sanaa ya Uchina, akamfundisha kutumia brashi, na mwenyewe akaandika maandishi ya Kichina yanayoonekana kwenye kuta na mabango ya katuni. Maandishi hayo ni ya kweli, na baadhi yake yanapinga uvamizi wa Wajapani.

Kisa kilichotokana na urafiki huo, Le Lotus bleu (1934–1935), kinaonyesha mlipuko wa reli ambao Japani iliutumia mwaka 1931 kama kisingizio cha kuivamia Manchuria. Wanadiplomasia wa Japani walilalamika. Ndani ya kisa kuna ukurasa ambapo Tintin na rafiki yake mpya, Tchang, wanacheka pamoja mawazo ya kijinga ambayo Wazungu na Wachina wanayo kila upande kuhusu mwenzake. Hata hivyo Wajapani wenyewe walichorwa kwa dharau ileile ambayo Wachina waliepushiwa.

Tangu hapo Hergé alianza kutafiti kwa makini. Alikusanya maelfu ya picha na habari zilizokatwa magazetini, akahakikisha kwamba kila gari, meli, silaha na vazi linalingana na kitu halisi. Wakongo hawakupata mtu wa kuwasemea namna hiyo kabla kisa chao hakijachapwa.

Zhang alirudi Uchina mwaka 1935, na vita vilikata mawasiliano yao kwa miaka mingi. Mwaka 1981 wawili hao walikutana tena kwenye uwanja wa ndege wa Brussels mbele ya kamera za televisheni, wote wakiwa wazee.

Brussels ndani ya visa vya Tintin

Hergé hakuwa akitaja jina la Brussels mara nyingi katika visa vyake, lakini msomaji anayeufahamu mji huo huutambua.

Tintin anaishi namba 26, rue du Labrador. Barabara hiyo ni ya kubuni, ila jina lake ni mzaha juu ya rue Terre-Neuve iliyopo kweli mjini, kwa kuwa Terre-Neuve na Labrador ni maeneo mawili yanayopakana nchini Kanada. Katika Le Secret de la Licorne, Tintin ananunua mfano wa meli kwenye soko la mitumba na vitu vya kale la place du Jeu de Balle, katika mtaa wa Marolles. Soko hilo bado linafanyika. Ikulu ya mfalme wa Syldavia, nchi ya kubuni katika Le Sceptre d'Ottokar, inafanana na ikulu ya kifalme ya Brussels. Lugha ya Syldavia na ile ya Waarumbaya wa Amerika Kusini zinaonekana ngeni kabisa kwa wasomaji wa nje, lakini zimetungwa kwa lahaja ya Marolles, na wenyeji walicheka kwa kuwa waliielewa.

Profesa Tournesol, mwanasayansi asiyesikia vizuri, alichorwa kwa kumfuata Auguste Piccard, mwanafizikia kutoka Uswisi aliyefundisha chuo kikuu mjini Brussels. Piccard alikuwa mrefu sana, na Hergé alimfupisha ili aenee kwenye picha.

Nyumba ya mwanazuoni Bergamotte katika Les Sept Boules de cristal ilinakiliwa kutoka nyumba halisi ya avenue Delleur huko Watermael-Boitsfort, karibu na alikoishi Hergé mwenyewe. Aliichora pamoja na msaidizi wake Edgar P. Jacobs wakiwa wamesimama nje wakati wa vita. Baada ya kumaliza tu, magari ya wanajeshi wa SS yaliwasili hapo. Nyumba ilikuwa imetwaliwa na Wajerumani.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia

Ujerumani iliivamia Ubelgiji tarehe 10 Mei 1940. Le Vingtième Siècle lilifungwa. Miezi michache baadaye Hergé alikubali kazi katika Le Soir, gazeti kubwa lililotwaliwa na kuendeshwa chini ya usimamizi wa Wajerumani, na katuni zake zilianza kutoka humo Oktoba 1940. Waandishi kadhaa wa Ubelgiji walikataa kufanya kazi katika mazingira hayo. Hergé alipata wasomaji wengi kuliko wakati wowote uliotangulia.

Katika kipindi hicho alitunga baadhi ya visa vyake bora. Kapteni Haddock, baharia mlevi mwenye matusi ya ajabu, alitokea katika Le Crabe aux pinces d'or. Kwa kuwa hakuweza kugusa siasa, Hergé aligeukia hazina zilizopotea na safari za baharini. Kutokana na uhaba wa karatasi, mchapishaji wake Casterman alimtaka apunguze kila albamu, yaani kitabu kizima cha kisa kimoja, hadi kurasa 62 za rangi. Kipimo hicho kikawa desturi yake.

Lakini kisa cha L'Étoile mystérieuse (1941–1942) kiliingiza chuki ya wakati huo. Adui katika hadithi ni tajiri wa benki wa New York anayeitwa Blumenstein, aliyechorwa kwa sura ambayo magazeti ya Wanazi yalitumia kuwadhihaki Wayahudi. Picha nyingine iliyochapishwa gazetini iliwaonyesha wafanyabiashara wawili Wayahudi wakifurahia mwisho wa dunia kwa kuwa hawatalipa madeni yao. Hergé aliiondoa picha hiyo katika albamu. Mwaka huohuo wa 1942 ulianza usafirishaji wa Wayahudi kutoka kambi ya Mechelen, kaskazini mwa Brussels. Hadi mwaka 1944 zaidi ya watu 25,000, Wayahudi na Waroma, walipelekwa kutoka huko hadi Auschwitz na kambi nyingine. Wengi sana waliuawa.

Baada ya vita Hergé alimbadilisha jina tajiri huyo kuwa Bohlwinkel, neno alilolitoa katika lahaja ya Brussels kwa maana ya duka la peremende, na kuihamisha nchi yake kwenda taifa la kubuni. Baadaye iligundulika kwamba Bohlwinkel nalo lilikuwa jina halisi la ukoo wa Kiyahudi.

Brussels ilikombolewa Septemba 1944. Hergé alikamatwa mara nne na vikundi mbalimbali, akalala usiku mmoja gerezani, na akapigwa marufuku kufanya kazi katika magazeti. Uchunguzi dhidi yake ulifungwa bila mashtaka, kwa kuwa alionekana kuwa mchoraji wa watoto asiyeandika siasa. Baadhi ya wafanyakazi wenzake walihukumiwa vifungo, na Wallez naye alifungwa. Maishani mwake Hergé aliendelea kuona kwamba alifanya kazi yake kama mwoka mikate au dereva wa treni alivyofanya ya kwake wakati wa vita. Wapinzani wake hujibu kwamba katuni zake ndizo zilizowavuta wasomaji kwenye gazeti lililotumikia propaganda ya Ujerumani.

Gazeti la Tintin na studio

Aliyemrudisha Hergé kazini ni Raymond Leblanc, mtu aliyepigana dhidi ya Wajerumani katika harakati za upinzani. Jina lake safi lilisaidia kupata kibali cha serikali. Tarehe 26 Septemba 1946 lilitoka toleo la kwanza la gazeti la Tintin, lililowakusanya wachoraji wengi wazuri, akiwemo Jacobs, mtunzi wa Blake et Mortimer.

Kazi nyingi zilimchosha Hergé. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alipatwa na msongo mkubwa wa mawazo, akatoweka kazini kwa wiki kadhaa mara kwa mara huku kisa kikisimama katikati. Mwaka 1950 alianzisha Studios Hergé, ambayo baadaye ilikuwa na ofisi avenue Louise, moja ya barabara kuu za Brussels. Wasaidizi kama Bob de Moor na Jacques Martin walichora mandhari, magari na mavazi, naye akabaki na wahusika na hadithi.

Studio ilimwezesha kutengeneza kisa cha safari ya mwezini, kilichotoka katika albamu mbili za mwaka 1953 na 1954, miaka 15 kabla ya binadamu kufika huko. Roketi na mavazi ya wanaanga yalichorwa kwa kufuata maarifa ya kisayansi ya wakati ule.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 ndoa yake ilivunjika kwa ndani baada ya kumpenda Fanny Vlamynck, aliyekuwa mpaka rangi katika studio. Aliteswa na ndoto zilizojaa weupe. Mtaalamu wa saikolojia wa Zürich alimshauri aache kazi. Hergé hakuufuata ushauri huo, akamaliza Tintin au Tibet (1960), kisa kisicho na adui hata mmoja, ambamo Tintin anamtafuta rafiki yake Tchang kwenye theluji ya milimani. Wengi wanakiona kuwa kazi yake bora.

Mtindo wake

Hergé alichora kwa mistari yenye unene unaolingana, rangi tambarare na bila vivuli vingi. Nyuso za wahusika ni rahisi, lakini mahali walipo pamechorwa kwa usahihi. Lengo lake lilikuwa msomaji aelewe kisa mara moja bila kukwama. Mwaka 1977 mchoraji Mholanzi Joost Swarte aliupa mtindo huo jina ambalo kwa Kifaransa ni ligne claire, yaani mstari bayana. Wachoraji wengi wa Ulaya wameufuata.

Miaka ya mwisho na kifo

Baada ya miaka ya 1960 Hergé alichora kidogo. Alikusanya sanaa ya kisasa na kusafiri, jambo ambalo hakulifanya sana ujanani. Mwaka 1973 alitembelea Taiwan. Tintin et les Picaros (1976) kilikuwa kisa cha mwisho alichokamilisha. Mwaka 1977, baada ya talaka, alimwoa Fanny Vlamynck.

Alifariki tarehe 3 Machi 1983 katika hospitali ya Saint-Luc mjini Brussels baada ya kuugua ugonjwa wa damu kwa muda. Alizikwa Uccle katika makaburi ya Dieweg, ambayo yalikuwa yamefungwa tayari, kwa kibali maalumu. Hakutaka mtu mwingine aendeleze Tintin baada yake, na mjane wake aliheshimu uamuzi huo. Michoro ya kisa alichokiacha katikati, Tintin et l'Alph-Art, ilichapishwa mwaka 1986 kama ilivyokuwa.

Mjadala kuhusu Tintin au Congo

Nchini Kongo kwenyewe kisa hicho kimepokewa kwa namna tofauti. Baada ya uhuru kilichapishwa tena katika gazeti moja la Kinshasa mwishoni mwa miaka ya 1960, na mafundi wa Kongo huchonga sanamu za Tintin kwa mbao ili kuwauzia wageni. Wengine wanakiona kuwa tusi.

Mwaka 2007 Mkongo mmoja aliyeishi Brussels alikwenda mahakamani akitaka kitabu kipigwe marufuku, au angalau kiwekewe onyo na utangulizi kama ilivyofanywa katika toleo la Kiingereza. Februari 2012 mahakama ya Brussels ilikataa ombi hilo kwa hoja kwamba kitabu ni zao la wakati wake na hakikukusudia kuchochea chuki. Mahakama ya rufaa ilikubaliana na uamuzi huo mwishoni mwa mwaka huo. Mwaka 2023 wachapishaji walitoa toleo jipya la kisa hicho lenye utangulizi unaoeleza mazingira ya kikoloni kilimozaliwa.

Makumbusho ya Tervuren nayo yalifungwa kwa ukarabati, yakafunguliwa upya Desemba 2018. Sanamu ya mtu wa chui imeondolewa katika maonyesho ya kawaida na kuwekwa katika chumba cha sanamu ambazo makumbusho yenyewe yanaziona hazifai tena kuiwakilisha Afrika.

Kumbukumbu mjini Brussels

Mwaka 1989 kilifunguliwa Kituo cha Katuni cha Ubelgiji katika jengo la rue des Sables, lililokuwa duka la vitambaa na lililobuniwa na msanifu Victor Horta mwaka 1906. Tangu mwaka 1991 jiji limechora makumi ya picha kubwa za katuni kwenye kuta za nyumba, zikiwemo za Lucky Luke, Astérix na wengineo. Watalii huzifuata kwa miguu kutoka mtaa hadi mtaa.

Katika rue de l'Étuve, hatua chache kutoka sanamu maarufu ya Manneken Pis, Tintin, Milou na Haddock wanashuka ngazi za dharura ukutani. Quick na Flupke wako rue Haute, mtaani Marolles. Katika kituo cha metro cha Stockel, kilichofunguliwa mwaka 1988, wahusika zaidi ya 140 wa visa vya Tintin wamechorwa kwenye kuta za pande zote mbili za reli, kwa kufuata michoro ya awali ambayo Hergé aliiandaa kabla ya kufa. Juu ya jengo la wachapishaji wa zamani wa gazeti la Tintin, karibu na stesheni ya kusini, vichwa vikubwa vya Tintin na Milou vinaonekana kutoka mbali.

Makumbusho ya Hergé yalifunguliwa Juni 2009, si Brussels bali Louvain-la-Neuve, mji wa chuo kikuu ulio umbali wa kilomita 30 hivi. Sayari ndogo iliyogunduliwa mwaka 1953 kutoka kituo cha wanaastronomia cha Uccle inaitwa 1652 Hergé kwa heshima yake.